Mganga Aliyeandika Dawa Zake

Mwezi uliopita kijana wa duka la dawa alinifungulia kopo la dawa ya kuchua magoti, na kabla hajamaliza kunieleza namna ya kuipaka, akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale dukani. Harufu ile naijua. Ni harufu ya mzizi wa nengonengo ukikwanguliwa ungali mbichi, ile inayopanda puani na kukutoa machozi kabla hujajua kama imekupendeza au imekuudhi. Kijana akaniuliza, "Bibi, umemkumbuka mtu?" Nikamwambia dawa yake ni nzuri, nikajiondokea. Lakini alisema kweli. Nilikuwa nimemkumbuka mtu, na nadhani nimechelewa mno kumsimulia.

Ni bibi yangu mzaa mama. Kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, kila mtu alimwita Mama Milembe, kwa jina la mama yangu. Mama alikwenda kujifungulia kwa bibi, akafa siku aliyomzaa mdogo wangu wa kiume, ndiyo maana mtoto akaitwa Makoye, yaani matatizo. Baba alikuwa kibarua Mwadui, kwenye almasi, na kambini kule hakukuwa na mahali pa mwanamume kulelea kichanga na msichana wa miaka minane. Akanileta mazikoni, akakaa siku mbili, akatuacha wote wawili kwa bibi, akarudi kazini.

Bibi alikuwa mganga. Wenzangu wa rika langu mliokulia huko mnajua nina maana gani nikisema mganga. Sisemi hawa wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme. Watu walimletea watoto kutoka mwendo wa siku mbili. Alikuwa na nyumba ndogo ya msonge pembeni mwa ua, ambamo mizizi ilining'inia darini ikikauka, na humo hakuingia mtu bila yeye. Mkoba wake wa ngozi ya mbuzi ulilala kichwani pake. Dawa zake hakumwambia mtu. Kwao dawa ilipita kwa mtu mmoja tu, naye huambiwa mwenye nayo anapokaribia kufa. Mtu huyo alipaswa kuwa mama yangu. Mama alipozikwa, bibi alinishika kidevu akanitazama sana, akasema, "Basi ni wewe, Minza."

Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Nilitembea kijijini kama mke wa mtemi, nikiwatazama watoto wenzangu kwa huruma kwa sababu wao wangerithi mbuzi tu. Lakini kujua, sikujua chochote. Tulipokwenda porini nilibeba jembe, na bibi alipofika penye mti anaoutaka aliniambia nigeuke, nitazame tulikotoka. Nilisikia udongo ukichimbwa nyuma yangu. Mzizi niliofahamu ni mmoja tu, nengonengo, kwa kuwa harufu yake haifichiki.

Mwendo wa saa moja kutoka kwetu palikuwa na zahanati ya misheni, nyumba ya matofali yenye baraza refu. Dresa wake, ndivyo walivyoitwa wauguzi wakati ule, alikuwa Bwana Daudi, mtu mwembamba mwenye mikono iliyonuka sabuni kali. Asubuhi alitufundisha watoto kusoma kwenye lile baraza, nami nilikwenda kwa sababu baba alitaka barua zake zisomwe na mtu wa nyumbani. Wagonjwa wakishajaa, kabla hajafungua mlango wa dawa, Bwana Daudi alitoa kitabu kidogo chenye jalada jekundu akawasomea habari ya mtu aliyeponywa. Kisha ndipo alipoanza kusafisha vidonda.

Siku moja alitutangazia kwamba kabla ya mvua za kwanza tutamkumbuka na kumheshimu Luka mwinjili, aliyeandika maneno yale. "Na huyu Luka," akasema, "alikuwa mganga."

Wengine walikohoa, wakafukuza nzi. Mimi nilishikwa na baridi juani. Mganga ameandika kitabu! Sasa mganga anajua kitu gani zaidi ya dawa zake? Nikaona wazi kabisa kwamba kile kitabu chekundu ndicho mkoba wa Luka, kwamba ndani yake mizizi yake yote imetajwa mmoja mmoja, na kwamba hakungoja kufa wala hakuchagua mtu. Nilimwazia akiwa na shanga nyeupe shingoni kama za bibi, ameketi juu ya kigoda chake, anaandika. Nilipokwenda kumwomba Bwana Daudi nikae na kitabu kile siku chache nijifunze kusoma, alifurahi sana akanipa. Sikumwambia ninachotafuta.

Nilimkuta bibi kwenye kinu. "Bibi, kuna mganga ameandika dawa zake zote."

"Ameandika vipi?"

"Kwenye hiki. Bwana Daudi anamsomea kila anayepita, hata watu baki."

Bibi aliacha kutwanga. "Basi alikuwa mpumbavu," akasema. Akatwanga mara tatu nne, akaacha tena, akakitazama kile kitabu mkononi mwangu. "Au alikuwa mkubwa kuliko sisi sote."

Haikupita wiki mbili Makoye akaugua. Alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Asubuhi ya kwanza alikuwa na joto tu, lakini kufikia siku ya tatu kila alipovuta pumzi ngozi ilizama chini ya mbavu zake, nazo tundu za pua zilipanuka. Bibi alimfukiza, akamkanda, akamchanja chale ndogo kifuani na kupaka unga mweusi. Watoto wengi wa namna ile niliwaona wakiingia uani kwetu wakatoka wamepona. Makoye alikataa maziwa. Akaacha na kulia, na hilo ndilo lililonitisha, maana alikuwa mtoto wa kelele.

Jirani yetu Mama Shija, mwanamke asiyemwogopa mtu, akaingia bila hodi.

"Mama Milembe, mpeleke mtoto kwa Daudi."

"Mimi nimewahi kuja kwako kukufundisha kupika ugali?"

"Hujawahi. Lakini Milembe naye tulikwambia apelekwe. Machela ilikuwa imeshafungwa, wanaume wamesimama mlangoni, ukakataa. Na huyu naye unamkatalia?"

Hapo akaniona mimi nimekaa nyuma ya mtungi, akajiziba mdomo kwa mkono. Mimi niliambiwa mama alichukuliwa na uzazi. Habari ya machela sikuwahi kuisikia. Nilimtazama bibi nikitegemea amfukuze mwanamke yule kwa kusema uongo, lakini bibi aliinamisha kichwa, na Mama Shija akatoka taratibu.

Tulikaa muda mrefu tukisikiliza pumzi za Makoye. Kisha bibi akasema, bila kunitazama, "Leta kile kitabu."

Nikakileta.

"Siendi kwa Daudi. Daudi ni mtoto wa juzi. Lakini mganga kumuuliza mganga mwenzake si aibu. Nisomee dawa ya Luka ya kifua."

Wenzangu, mimi wakati ule nilikuwa nasoma kwa kuburuta kidole, herufi kwa herufi, na neno likiwa refu nililipoteza njiani. Lakini kijijini nilikuwa nimeshajitapa kwamba nasoma kama Bwana Daudi. Nikafungua. Mistari ilikuwa imesongamana, myeusi. Nikatafuta jina la mti hata mmoja. Sikuona mti. Bibi alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono juu ya mapaja, kama nilivyowaona wagonjwa wakipiga magoti mbele yake. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Nengonengo."

"Nengonengo," akarudia polepole. "Ya kukanda?"

"Ya kunywa."

Akanitazama. "Kwa mtoto wa umri huu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kiasi gani?"

"Kiganja kizima."

Aliinuka akaenda kwenye msonge wake, akarudi na mzizi. Akakaa karibu na jiko, akashika kisu, na harufu ile ikajaa nyumba nzima. Leo najua alichokuwa akikijua: mzizi ule ukinywewa hivyo humuua hata mtu mzima. Ameutumia maisha yake yote, anajua. Na bado alikuwa akikwangua, kwa sababu mganga aliyemzidi ameandika. Nilimwona akijikataa mwenyewe mbele ya macho yangu, ujuzi wake wote wa miaka, kwa neno ambalo mimi nililitoa mdomoni mwangu tu. Sijapata kuogopa vile tena maishani. Alipotia maji chunguni nilikirukia kile chungu, nikakipiga teke, kikapasuka.

"Haikuandikwa!" nikapiga kelele. "Nimesema uongo, Bibi! Sijui kusoma vizuri!"

Nilingoja kofi. Bibi aliuweka mzizi chini, akajifuta mikono kwa kaniki yake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Basi soma kilichoandikwa, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Hata ukichelewa."

Nikasoma. Nilikuwa nikilia, kidole kinateleza, lakini nilisoma silabi moja, nyingine, nikirudi nyuma, nikiunganisha. Jua lilitoka mlangoni likafika kwenye mafiga kabla sijamaliza habari ya mgonjwa mmoja. Kwamba alikuwa mgonjwa. Kwamba watu walimleta. Kwamba alishikwa kwa mkono akapona.

"Mizizi?" akauliza bibi.

"Hakuna."

"Endelea."

Nikasoma mwingine. Huyu naye rafiki zake walimbeba.

"Mizizi?"

"Hakuna, Bibi. Hakuna mzizi wowote."

Nilidhani amekasirika kwamba kumbe Luka hana dawa. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kuona kitu, "Wote wanabebwa. Kila mmoja yupo anayembeba." Akasimama. Akamfunga Makoye mgongoni kwa ile kaniki, akachukua fimbo yake, akatoka. Alitoka bila mkoba. Sikuwahi kumwona akitoka uani bila mkoba wake.

Tulivuka mbuga ile iliyopasuka kwa ukame, bibi mbele, mimi nakimbia nyuma yake nikimwangalia Makoye kama kichwa chake bado kinasogea. Watu waliokuwa malishoni walisimama kumtazama Mama Milembe akienda misheni. Wengine walijua maana yake, wakavua kofia kana kwamba tumebeba maiti. Bibi hakugeuka.

Bwana Daudi hakusema "mmechelewa", ingawa nilikiona kinywa chake kikitaka kusema. Alichemsha sindano kwenye sufuria ndogo, akavuta dawa kutoka kwenye kichupa, akamchoma mtoto kwenye paja. Makoye hakulia hata kidogo. Akachomwa tena jioni, akachomwa kesho yake, na sisi tukalala pale barazani. Bibi hakula. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimekwenda kuteka maji kisimani, na nikiwa bado njiani nikasikia kelele. Ilikuwa sauti ya Makoye, anadai chakula, amekasirika, analia kwa nguvu zake zote. Niliweka ndoo chini katikati ya njia. Nilisimama pale nikitazama ile nyumba ya matofali, nikijua kwamba humo ndani kumetokea jambo kubwa kuliko mimi, kuliko bibi, kuliko hata Bwana Daudi mwenyewe. Nimeingia makanisa makubwa tangu wakati ule, yenye vioo vya rangi na kinanda. Moyo wangu haujapata kupiga magoti kama ulivyopiga pale njiani.

Nilipofika barazani bibi alikuwa anazungumza na Bwana Daudi aliyekuwa ananawa mikono.

"Huyo Luka," bibi akauliza, "alimwachia nani dawa zake?"

"Katika kitabu hiki hamna dawa za Luka, mama. Aliyekuwa akiponya ni Yesu. Luka alikuwa mganga aliyesikia habari za Mganga aliyemzidi, akawatafuta waliomwona, akaandika."

"Dawa zake mwenyewe hakuzisifu?"

"Hakuzitaja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Hata jina lake mwenyewe hakulitia humo."

Bibi alijipiga kofi mapajani kwa mshangao. Mganga asiyejisifu! Kwetu jambo hilo lilikuwa halijaonekana. Alilitafakari, kisha akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Na huyo aliyemzidi, kazi yake ilikuwa kuponya tu?"

"Kuponya na kusamehe. Wengine alianza kwa kuwasamehe, kuponya kukafuata."

"Husamehe hata mganga?"

Bwana Daudi alikausha mikono. "Mganga amefanya kosa gani, mama?"

Bibi alinitazama mimi.

Siku ya Luka ilipofika, nguzo za zahanati zilifungwa matawi ya mwarobaini, na watu walijaa mpaka chini kwenye uwanja. Pale kwetu walikuwa na desturi yao: siku hiyo kila aliyeponywa mwaka ule alisimama mbele ya watu akataja jina lake na alikotoka, basi, hakuongeza kitu. Walisimama wengi. Mmoja wa kidonda, mmoja wa kuumwa na nyoka, kina mama wenye watoto. Makoye alinyanyuliwa juu na Mama Shija, akamvuta nywele. Watu walicheka.

Kisha bibi akasimama, na kicheko kikafa, maana safari hii alikuwa na mkoba wake. Kila mtu alijua waganga wakija misheni huleta mikoba ichomwe. Mzee mmoja alikwenda haraka kuchochea moto uliokuwa nyuma ya jiko.

"Kaeni," bibi akasema. "Sikuja kuchoma."

Akakaa chini, akaumimina mkoba wote juu ya mkeka. Akaanza kuinua kitu kimoja kimoja. Huu ni wa tumbo la kuhara, mti wake upo kandokando ya mto, chimbeni upande unaotazama mawio. Huu ni wa vidonda vya mdomoni. Huu ni nengonengo, wa kukanda tu, asinywe mtu. Hiki hakina kazi, ni ukwato wa swala, nilikiweka kuwatisha nyinyi. Wanawake walisogea mpaka wakamzunguka. Walikuwa wakimwona mtu anakufa akiwa mzima, maana kwao dawa husemwa siku hiyo tu.

Na mimi? Mimi nililia, na machozi yale hayakuwa ya utakatifu. Nilikuwa naona urithi wangu unagawiwa kwa kila aliyekuja na masikio. Nilimvuta kaniki. "Bibi, ni zangu! Ulisema ni mimi!"

"Ni wewe," akasema. "Wewe utaandika."

Bwana Daudi akaniletea daftari na kalamu ya risasi. Nikaandika majina ya miti yote kwa herufi kubwa zilizopinda, na bibi alingoja kila neno liishe. Mkeka ulipobaki mtupu nikafunga daftari. Akalifungua tena.

"Waliopona wamesimama," akasema. "Na walionifia mimi, nani atawasimamisha? Andika."

Akaanza kuwataja. Watoto wa watu waliokuwa wamekaa pale pale. Aliwakumbuka wote, jina la mtoto na jina la mama yake, na alipotaja jina, mama mmoja baada ya mwingine aliinamisha uso. Hakuna aliyemtukana. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mmoja anaweza kubeba majina mengi vile bila mtu mwingine kujua. Mkono ulichoka, nikabadilisha mkono. Mwishoni nikadhani wamekwisha.

"Andika Milembe," akasema. "Andika machela ilikuwa mlangoni, mimi nikakataa kwa kiburi. Andika naomba msamaha."

Niliandika. Nilichukua muda. Akaniambia niwasomee watu, nikasimama mbele ya umati ule nikasoma jina la mama yangu na kosa la bibi yangu, neno kwa neno, kwa kidole. Nilipomaliza nikaona hakuna anayemtazama bibi. Wote walikuwa wananitazama mimi, hata Bwana Daudi, hata yeye bibi, aliyekuwa bado amekaa chini, uso wake wazi kabisa kama wa mtoto anayengoja. Nilikuwa na miaka tisa. Nikampa Bwana Daudi daftari lake, nikaenda nikakaa mapajani pa bibi.